Paladi na Kanzu ya Mjomba

Uswidi,
msimu wa joto.

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeitikia marahaba kwa sauti, na waliomo ndani wamekuuliza unaongea na nani. Waambie unaongea na mdogo wako. Habari za Kwamndolwa, habari za shemeji, na goti la mama je, limekubali kusujudu au bado anaswali amekaa kitini? Mvua mlizokuwa mkizilalamikia zimefika, au zimeishia huko milimani Lushoto kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi. Ila situlii. Tangu barua yako ifike sijakaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Hata hii naiandika kwa vipande: naandika kidogo, nasimama, naenda dirishani, narudi, nasoma nilichoandika, nakasirika, naanza tena. Ukiona mwandiko unabadilika usidhani nimemwomba mtu aniandikie.

Huku sasa wanasema ni joto, ingawa wewe ungevaa sweta. Jua halitaki kuondoka. Magharibi inaingia wakati ninyi mmeshafunga milango. Mtu aliyezoea giza la kwetu, linaloshuka mara moja kila mtu akajua siku imekwisha, akikaa kwenye mwanga huu anajiona kama kuna kazi hajamaliza. Na mimi kweli sijamaliza, ndiyo habari yenyewe ninayokuandikia.

Nianze na ulichoniambia, ili ujue nimekielewa. Umesema watu wa Hale wamekuja mara ya pili kumposa Zuhura, na baba yake Bakari safari hii hakumaliza chai. Umesema Bakari mwenyewe, kijana wa mitambo pale kituo cha umeme, amepata uhamisho kwenda kituo kingine mbali kusini, na anataka aondoke na mke, si na ahadi. Umesema wameitanguliza kanzu ya mjomba, wameishonesha kwa kipimo cha suruali yangu ya zamani uliyowapa, nawe umeifungia sandukuni na dawa ya mende. Kanzu hiyo naiwaza kuliko ninavyowaza chakula. Na umesema binti yako amekataa katakata posa ijibiwe bila mjomba wake kuwapo, hata kama itavunjika. Mama hasemi kitu, anasubiri neno langu. Yaani wote mmekaa, mlango uko wazi, na aliyeuziba ni mimi niliye mbali kuliko wote.

Kuna binti mmoja Mvietinamu ninayefanya naye kazi hapa chuoni, anaitwa Linh, utamsikia tena huko mbele. Nilimweleza jambo hili tukiwa kwenye foleni ya chakula, akaniuliza kwa nini baba wa binti asiseme ndiyo yaishe. Nikamwambia kwetu Wazigua baba ndiye anayeozesha, lakini mjomba ndiye anayeulizwa kwanza, na asipoulizwa ni kama binti ametolewa nyumbani kupitia dirishani. Akafikiri, akachukua viazi vyake, akauliza, "Na mjomba akiwa Uswidi?" Nikajifanya natafuta chumvi.

Ile simu najua Athumani ameshakusimulia, na najua amesimulia huku akiigiza sauti yangu. Sasa isikie na kwangu. Nilipiga kabla barua yako haijafika, siku hizo nikidhani kazi yangu iko ukingoni, kwenye simu ya duka pale stendi ya Korogwe, nikaomba wakuite. Akaja yeye, kwa sababu meza yake ya mitumba iko mlango wa pili.

"Dada yuko shamba," akasema. "Ongea na mimi, au mimi si mtu?"

"Watu wa Hale wanasemaje?"

"Wanauliza wanywe chai mara ngapi. Kaka, chai haifungi ndoa."

"Waambie wavumilie. Nakuja kabla ya vuli."

"Kabla ya masika ulisema hivyohivyo."

Akaendelea, safari hii kwa upole, na upole wake ndio uliozidi kuniudhi. "Mama anasema pengine nikae mimi pale. Mimi mtoto wa mama mkubwa, na Zuhura ananiita mjomba tangu ajue kusema. Lakini ujomba wako siutaki kwa nguvu. Sema wewe."

"Hapo hakai mtu mpaka nije," nikamwambia.

Athumani akanyamaza, na wewe mwenyewe unajua Athumani kunyamaza ni jambo la kutangazwa redioni. Halafu akasema, "Haya, Daktari," na laini ikakatika. Sijui ilikatika yenyewe au aliikata.

Nitakuambia wazi, dada, maana kwako siwezi kujipamba. Haikuwa mila iliyonisemesha vile. Mila inamruhusu Athumani. Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yangu na ni ndugu yako, kwa hiyo ni mjomba wa mwanao sawa na mimi. Ulikuwa wivu. Mwaka ule wa ukame nilipotoka Handeni, lambo limebaki tope na ng'ombe wa majirani zetu Wamasai wanalamba nyufa, wewe ndiye uliyenipokea Kwamndolwa nikasome sekondari. Zuhura alikuwa bado ana mapengo ya meno ya mbele. Nimempakia kwenye bomba la baiskeli kila asubuhi mpaka akawa mrefu kiasi cha kunizuia kuona njia, ikabidi ahamie nyuma kwenye kerea, akanuna wiki nzima. Athumani siku hizo alikuwa akikata mkonge, anakuja sikukuu na peremende mfukoni, anasifiwa, anaondoka. Leo shamba la mkonge limeuzwa kwa mwekezaji, yeye wamempunguza, ana meza yake ya mitumba, na kila jioni anapita kwako kuuliza kama mna maji ndani. Mimi niliyepakia baiskeli ndiye niliyegeuka kuwa wa peremende. Hilo linaniuma, na lilikuwa linaniuma hata kabla ya watu wa Hale hawajaja.

Nimesimama kidogo hapa, nimekwenda kuangalia kompyuta. Hamna kitu. Nimerudi.

Sasa sikiliza habari za kazi, maana mambo haya mawili yamenifikia pamoja na siwezi kukusimulia moja nikaacha jingine. Unakumbuka nilivyokueleza paladi. Ni metali adimu, na watu wa kemia wanaitumia kuunganisha kaboni na kaboni ambazo zikiachwa zenyewe haziungani hata ungezifungia chumba kimoja. Dawa nyingi za hospitali siku hizi zinapatikana kwa njia hiyo. Paladi inachukua kaboni moja kutoka upande huu, inachukua ya pili upande ule, inazikalisha jirani, zinashikana, zinaondoka pamoja, nayo inabaki kama ilivyokuwa, tayari kwa wengine. Nilikuambia ni mshenga. Ukanijibu, mshenga gani huyo asiyekula hata kuku. Maneno hayo niliyabandika ukutani juu ya meza yangu, na Profesa wangu, mama mmoja mrefu mwenye mvi kichwa kizima, alinitaka nimtafsirie, akacheka mpaka akavua miwani.

Mimi chupa sizishiki. Wanaochanganya dawa wako chini. Mimi niko ghorofa ya juu na kompyuta, nahesabu kaboni hizo zinapitia wapi. Kati ya kabla ya kuungana na baada ya kuungana kuna mlima. Hauvukwi kileleni. Unavukwa pale palipoinama, kama ng'ombe wa kule Handeni wanaposwagwa kwenda mnadani, wanavyoelekea penye mbonyeo wa kilima bila kuambiwa na mtu. Kazi yangu ni kuutafuta mbonyeo huo. Nikiupata najua mlima una urefu gani, na nikijua urefu naweza kusema kama kaboni zitaungana kwa joto la kawaida au mpaka uzichemshe.

Hesabu zenyewe hazifanyiki kwenye mashine ya mezani kwangu. Kuna kompyuta kubwa katika mji mwingine, na wengi tunaipangia foleni. Unatuma kazi, unasubiri zamu, halafu unasubiri ihesabu, na inaweza kuchukua wiki nzima kwa mlima mmoja. Mimi kila saa nafungua kutazama namba zimeshuka kiasi gani. Ungeniona ungenifukuza jikoni, maana ndivyo ulivyokuwa ukinifukuza nilipokuwa nafunua sufuria la wali kila mara kuangalia kama umeiva. Profesa naye ananiambia kutazama hakuiivishi.

Sasa hii paladi haisimami peke yake, ina wapambe. Kila upande imeshikwa na fosforasi, na kila fosforasi ina matawi matatu, makubwa, mapana, yaliyojaa kaboni. Matawi hayo katika kuunganisha hayafanyi chochote. Yamesimama tu. Ukiyatia yote kwenye hesabu, kompyuta inaelemewa, na kazi ya wiki moja inageuka ya wiki nyingi. Kwa hiyo watu wa kazi yetu wana desturi: wanayakata. Unaondoa tawi zima, mahali pake unaweka haidrojeni, ambayo ni ndogo kuliko atomi zote. Si jambo la kuficha. Karibu kila makala niliyosoma mwandishi anasema kwa sentensi moja kwamba matawi ameyakata ili hesabu iwe rahisi, kisha anaendelea na mambo yake. Nami nikakata, nikaendelea na yangu.

Nikapata mlima mrefu mno. Nikaurudia kwa njia nyingine, ukawa uleule. Basi nikaandika rasimu ya sura nzima ya tasnifu yangu ya udaktari kwamba mchanganyiko huu usipochemshwa sana hauendi popote, nikachora na picha zake nzuri, nikampa kila mtu asome. Nilikuwa na furaha, dada. Sura ile ilikuwa ya mwisho. Kwa sura ile ndiyo nilikuahidi nitakuja kabla ya vuli.

Linh aliisoma, akapanda juu, akaniambia nishuke naye. Mezani kwake palikuwa na chupa inazungushwa polepole na mashine. Chini yake hapakuwa na moto, hapakuwa na hata maji ya uvuguvugu.

"Hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Hiyo ndiyo ile uliyoandika kwamba haiwezekani."

"Umeianza lini?"

"Asubuhi. Imeshaungana yote."

"Labda umekosea kipimo."

"Labda," akasema. "Lakini chupa haijasoma rasimu yako."

Siku hiyo sikucheka. Nilipanda juu nikayarudisha matawi yote, moja moja, kwenye fosforasi zangu, nikatuma kazi, nikaanza kusubiri. Ndiyo wiki zile ambazo nilikuandikia kadi fupi yenye picha ya kulungu, ukasema mbona sikuandika kitu. Sikuwa na cha kuandika. Nilikuwa nalizunguka ziwa la hapa mchana kutwa, mpaka wazee wanaokaa pale na ndoano zao wakaanza kunisalimia kama mtu wa mtaani kwao.

Majibu yalipotoka yalikuwa wazi hata kwa mtu asiyesoma kemia. Nilipokuwa nimewakata wapambe, walikuwa wadogo, wakaenea wote wawili kwenye paladi bila shida, wakakaa, wala hakuna aliyebanduka. Paladi imejaa, kaboni hazina pa kukaa, ndiyo maana mlima ukawa mrefu. Nilipowarudishia ukubwa wao, wakabanana. Mmoja akaachia, akajitenga. Nafasi ikafunguka, kaboni zikakaa, mlima ukashuka. Yale matawi niliyosema yamesimama tu, kumbe kusimama kwao ndiko kulikokuwa kunapanga nani akae na nani apishe.

Profesa alizitazama karatasi zangu akiwa amesimama. Akazirudisha mezani, akasema, "Ni kazi nzuri. Anza upya."

Upya, dada, maana yake ni hatua zote tangu mwanzo, na matawi yote ndani. Si kabla ya vuli. Nikimwamini Profesa, hata masika yajayo yatanikuta hapa. Na wanaonifadhili wananipa tiketi moja tu, ya kurudi nyumbani nikimaliza. Nikija sasa nimekuja moja kwa moja, na miaka yote hii inakuwa hadithi ya kumsimulia Athumani mezani kwake. Barua yako ya watu wa Hale niliikuta imepenyezwa chini ya mlango wangu jioni ileile ya "anza upya".

Nilifungasha begi. Usicheke. Nilikunja nguo, nikaweka na zile picha za nyumbani, nikakaa kitandani na begi mapajani kama abiria anayesubiri basi la Handeni. Kisha nikahitaji mswaki, nikalifungua. Siku iliyofuata nikafungasha tena. Nikawaza nikuandikie uwaambie watu wa Hale wasubiri mwaka, kama wanamtaka kweli. Nikaandika, nikachana. Nikawaza nikuandikie kwamba Zuhura ana haki ya kusubiri, na Bakari kama ni mwanamume atangulie huko kusini aje amchukue baadaye. Hiyo nayo nikaichana, maana nilimwona baba yake Bakari na kikombe chake cha chai ambacho hakukimaliza, na nikajua mara ya tatu hatakuja.

Jana nilishuka kwa Linh kumpelekea majibu, kwa kuwa chupa yake ndiyo iliyoniumbua. Alifurahi. Tukazungumza, nami nikamwuliza jambo lililokuwa linanikera, maana kwenye hesabu zangu ile fosforasi ikishajitenga naihesabu kama imekwenda mbali kabisa, kwenye utupu, ambako hakuna kitu.

"Ile inayoachia," nikamwuliza, "inakwenda wapi?"

Akanitazama kama nimemwuliza chumvi ya kwenye mchuzi inakwenda wapi. "Haiendi popote. Iko humohumo kwenye chupa, inazunguka. Kaboni zikishaungana, mara nyingi inarudi inashika paladi yake."

"Unaiona?"

"Naiona kwenye vipimo. Wewe huioni kwa sababu kwako chupa haipo."

Sitaki udhani nimejifunza ujomba kutoka kwa fosforasi. Atomi hazina wapwa, haziachi kazi zikalia, na wala hazimwonei wivu mtoto wa mama mkubwa. Lakini nilipokuwa napanda ngazi kurudi juu nilijua tayari nitakuandikia nini, na nilikasirika kwa kujua, kwa sababu begi lilikuwa bado limefungwa na sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeshaondoka nalo.

Basi neno langu ni hili. Waiteni watu wa Hale waje, wasicheleweshwe. Athumani akae pale pa mjomba. Asikae kwa niaba yangu. Maneno hayo ya kwa niaba ndiyo yatakayomfanya akae upandeupande. Akae kwa sababu ni mjomba. Aulizwe yeye kwanza, na jibu alitoe yeye kwa mdomo wake, ingawa namwomba siku hiyo tu aufupishe.

La pili, asipunguzwe mtu. Shemeji namjua, atasema waje wachache mambo yaishe haraka. Mwambie nimesihi. Mwiteni mama mdogo wa Kerenge hata kama atasinzia tangu dua mpaka pilau. Waiteni mashangazi wa Handeni, wale ambao kila mmoja hataki kukaa jirani na mwenzake, na mzee wa nyumba ya pili ambaye hana analosema zaidi ya "naam, naam". Mtaona wamesimama tu. Waacheni wasimame. Mimi nimewahi kukata wanaosimama tu na nimeona yaliyonipata.

Na Zuhura mwambie kwa maneno haya, usiyapake sukari. Mwambie mjomba wake hakukataa kuja, ameshindwa kuja, na amelia. Nimelia bafuni na maji nimeyafungulia, maana kuta za nyumba za huku ni nyembamba. Mwambie asivunje jambo lake kwa kuniheshimu mimi. Heshima hiyo nikiwa huku siwezi kuibeba, itaniangukia, na yeye atabaki ananihurumia badala ya kuishi na mumewe. Mwambie nilikuwa nataka sana kuwapo. Nilikuwa nimeshaona mpaka pale nitakapoweka viatu. Siku hiyo akiniwaza, asiniwaze huku kwenye baridi. Aniwaze nipo humohumo ndani, nyuma ya watu, sina kazi, nazunguka.

Bakari simjui, lakini kama wewe umempenda na baba yake anajua kukasirika kistaarabu kiasi cha kuacha chai tu, inatosha. Ila mwambieni jambo moja, kwamba tangu leo mgao wa umeme ukifika Kwamndolwa, wa kulaumiwa ni yeye, hata akiwa huko kusini.

Nimeandika neno hilo na bado sijatulia. Nilidhani nikishaliandika nitalala. Nimesimama mara nyingine hapa, nimefungua begi, nimerudisha nguo kabatini, moja moja, na picha zenu nimezirudisha ukutani jirani na yule mshenga wako asiyekula kuku. Kompyuta bado inahesabu mlima wa kwanza kati ya ile mipya. Sitatulia mpaka unijulishe imekwisha salama, na ikishakwisha nitaanza kutotulia kwa sababu nyingine, unanijua.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake naitoa kwa mikono miwili, na akiweza siku ya posa akae kwenye kile kiti chake kirefu asije akanyanyuka kwa kuvutwa mbele za wakwe. Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu, ambaye alinilisha miaka yote ya sekondari na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Mama mdogo wa Kerenge mwambie bado nina ile fulana aliyonifumia, na huku ndiko ilipopata kazi yake. Majirani zetu Wamasai wa kule Handeni, mashangazi wakija, wapewe salamu wawafikishie.

Athumani nimemweka mwisho asije akajisikia. Mwambie ile simu nadhani aliikata yeye, na alikuwa na haki. Mwambie ahsante kwa maji ya kila jioni. Kanzu itoe sandukuni uianike kidogo itoke harufu ya dawa, umpe aivae siku hiyo. Ataiburuza, maana unajua yeye na mimi tulivyopishana kimo. Mpelekeni kwa fundi pale sokoni, lakini nakuomba, dada, simama wewe mwenyewe kando ya cherehani mpaka amalize. Asiikate. Aikunje pindo kwa ndani, aishike kwa mshono mwepesi, kitambaa chote kibaki humohumo. Nikija nitaifumua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba mwingine wa Zuhura,

Hatibu